Harriet Powers: Mama Aliyeandika kwa Sindano

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, miaka kumi na sita tu, lakini nimeona jambo moja lililonikaa rohoni. Nitalieleza kwanza kwa ufupi, kwa sababu ndilo lililonifanya nimfuate mama huyu ambaye habari zake nakuletea leo.

Mwaka nilioingia Kidato cha Kwanza, mama yangu aliuza vitambaa vyake vya viti. Havikuwa vitambaa vya kununua sokoni, la. Alivitarizi mwenyewe kwa miezi mingi, usiku baada ya kazi, tausi na maua ya waridi kwa nyuzi za rangi. Mama jirani alivitamani siku nyingi, na kila akiuliza, mama alicheka tu akasema haviuzwi. Halafu karo ikatushinda. Niliporudishwa nyumbani mara ya pili, mama alivikunja, akavitia kwenye kiondo, akavuka ua. Alirudi na nusu ya bei aliyotaja. Kesho yake nilikuwa darasani.

Ungedhani nilishukuru. Wapi! Nilinuna wiki nzima. Moyoni nilijiambia kwamba mtu akikipenda kitu kweli hawezi kukiuza, tena kwa bei ya kutupa. Mama hakuniuliza kwa nini nimenuna, nami sikusema.

Basi muhula uliopita mlezi wa chama chetu alituambia kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, asome habari zake, aandike. Wenzangu wakakimbilia Mekatilili wa Menza, Shaaban Robert, Dedan Kimathi. Mimi nilikuwa nikifungua kurasa za kitabu kimoja cha picha cha mwalimu, nikagota kwenye picha ya blanketi. Nikashangaa, jamani, blanketi limefanya nini hata likaingia kitabuni? Kumbe halikuwa blanketi hivi hivi. Lilikuwa mfarishi, na aliyeushona aliwahi kuwa mtumwa.

Kabla sijaendelea, nieleze mfarishi ni nini, maana najua wapo watakaouliza. Ni nguo ya kujifunikia kitandani yenye tabaka tatu. Juu kuna kitambaa cha kupendeza, mara nyingi kilichoungwa kwa vipande vingi. Katikati kuna pamba. Chini kuna kitambaa kingine cha kufunika. Tabaka hizo zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopita mpaka upande wa pili, ili pamba isikimbie. Marekani, akina mama wamekuwa wakishona mifarishi tangu zamani, wengine kwa kuhitaji joto tu, wengine kwa mapambo. Hata leo kuna maonyesho makubwa ambako watu husafiri kutoka mbali kwenda kutazama mifarishi na kufundishwa kuishona. Na katika mifarishi yote ya nchi hiyo, miwili ya mama huyu ni kati ya ile inayotajwa sana.

Jina lake ni Harriet Powers. Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Usichanganye Athens hiyo na ile ya Ugiriki tuliyosoma katika Historia. Hii ni Athens ya mashamba ya pamba. Na pamba hiyo ililimwa na kuchumwa na Waafrika waliokuwa watumwa, watoto na wajukuu wa watu waliopelekwa huko kwa nguvu kwa merikebu.

Harriet alizaliwa katika hali hiyo. Tangu siku ya kwanza alikuwa mali ya mtu, kama jembe au ng'ombe. Angeweza kuuzwa, na asingeulizwa. Tena sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Hebu fikiria, sisi tunaoruka uzio kukwepa masomo ya jioni, kwamba palikuwa na nchi ambako kumfundisha mtoto mweusi irabu kulikuwa kosa mbele ya sheria!

Mwaka 1855, akiwa na miaka kumi na minane, aliolewa na Armstead Powers. Walijaliwa watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, Harriet alikuwa bado mtumwa. Vilipomalizika mwaka 1865, na katiba ikabadilishwa Desemba mwaka huo kufuta utumwa nchi nzima, alikuwa mama wa miaka ishirini na minane. Alitoka utumwani mikono mitupu. Hakupewa fidia ya miaka yote ile, wala ardhi.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye na mumewe walilima, wakaweka akiba kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao wenyewe la ekari nne. Ekari nne si mchezo kwa watu ambao juzi tu walikuwa wao wenyewe wameandikwa kwenye daftari la mali ya mtu mwingine.

Na hapo shambani, Harriet alikuwa akishona.

Mfarishi wake unaojulikana zaidi huitwa Mfarishi wa Biblia. Aliugawa katika sehemu kumi na moja, kila sehemu ina kisa chake. Hakuchora wala hakutarizi. Alikata maumbo ya watu, wanyama, nyota na jua kutoka vipande vya kitambaa, akayabandika juu ya kitambaa kikubwa na kuyashona pembeni, mengine kwa mkono, mengine kwa cherehani. Ukitazama picha kwa haraka utasema ni kazi ya mtoto, kwa sababu watu ni kama vivuli, hawana macho wala pua. Nami nilisema hivyo. Lakini tazama tena. Kila mtu anafanya jambo, na unajua ni jambo gani.

Kuna Adamu na Hawa bustanini pamoja na nyoka. Kuna wanyama, na miongoni mwao ngamia na tembo, wanyama wasiopatikana katika mashamba ya Georgia! Kuna Kaini akimwua Abeli, na damu inatiririka chini. Kuna Yakobo amelala akiota ngazi ya kwenda mbinguni. Kuna ubatizo wa Yesu, na kusulubiwa kwake, na Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha. Kilichonichekesha ni Karamu ya Mwisho. Wanafunzi wa Yesu hawakutosha mezani, watano wamepunguzwa, nadhani kitambaa kilikwisha au nafasi ilibana. Wote wamevaa kitambaa cheupe chenye madoadoa, isipokuwa Yuda. Yuda alishonewa nguo ya rangi iliyofifia. Huhitaji kuambiwa ni nani msaliti. Rangi ya kitambaa imekwisha kusema.

Sasa njoo kwenye siku iliyobadilisha mambo. Mwaka 1886 palikuwa na maonyesho makubwa ya pamba mjini Athens. Kwa lugha yetu tungesema shoo ya kilimo, na kwa kweli ukisoma habari zake utadhani unasoma juu ya shoo ya hapa kwetu. Viazi vikubwa kuliko vyote vilishindanishwa, na mti wa pamba mrefu kuliko yote, na tikitimaji nene kuliko yote. Palikuwa na achari na jemu za akina mama, mbegu, michezo ya farasi, na sarakasi. Makelele na vumbi. Na katika kona moja ulining'inia mfarishi wa Harriet.

Kati ya waliopita hapo alikuwa mwanamke mzungu aitwaye Jennie Smith. Huyu alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa katika Lucy Cobb Institute, shule ya wasichana wazungu mjini humo. Alikuwa amesomea kazi yake, amezoea kutazama picha. Akasimama mbele ya ule mfarishi, miguu ikakataa kuondoka. Alikuwa hajaona kitu kama hicho. Akauliza ni nani aliyeushona, akatafuta hadi akampata mwenyewe, mama mweusi anayeishi kwenye kishamba kidogo. Akamwomba amuuzie.

Harriet alikataa. Hakutaja bei ya juu ili wapatane, hapana. Alisema hauuzwi kwa bei yoyote ile.

Hapa nilisita kusoma, msomaji. Nilimwona mama yangu akicheka na kusema haviuzwi.

Miaka ikapita. Maisha ya mkulima mdogo wa Georgia yalizidi kuwa magumu. Bei ya pamba ilikuwa ikishuka, na aliyetegemea pamba alizama nayo. Karibu miaka minne baada ya maonyesho, Harriet alimpelekea Jennie Smith ujumbe kwamba sasa yuko tayari kuuza. Bahati mbaya, wakati huo mwalimu naye hakuwa na pesa. Baadaye kidogo, yapata mwaka 1891, mwalimu alituma habari kwamba angeweza kununua kama bado unauzwa.

Harriet akaja. Alikuja kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, pamoja na mumewe. Mfarishi alikuwa ameupakata mapajani. Alikuwa ameutia katika mfuko safi wa unga, kisha akautia tena katika gunia, usipate vumbi la barabara. Nimesoma mambo mengi kuhusu mama huyu, lakini hilo gunia juu ya mfuko wa unga ndilo lililonigusa zaidi. Mtu hafungi hivyo kitu anachotaka kukiondoa machoni.

Alitaja dola kumi. Jennie Smith akasema ana dola tano tu. Harriet akatoka nje, akaenda kwenye gari kushauriana na mumewe. Mume akaona kwa jinsi nyakati zilivyokuwa ngumu, ni heri wazichukue. Akarudi ndani, akazipokea. Dola tano kwa kazi ambayo leo haina bei.

Hadithi nyingi zingeishia hapo. Masikini kauza, tajiri kanunua, kwaheri. Lakini Harriet hakuondoka hivyo. Kabla ya kwenda zake alisimama na yule mwalimu, akamweleza kila sehemu: huyu ni nani, anafanya nini, nyota hii ni ya nini, kwa nini hapa pana rangi hii. Na Jennie Smith akayaandika yote. Fikiri juu ya jambo hilo. Mwalimu wa sanaa, msomi, ameshika kalamu, na anayemfundisha ni mama aliyezaliwa pale ambapo kumfundisha yeye kusoma kulikuwa kosa. Siku hiyo darasa lilikuwa mfarishi, na mwalimu alikuwa Harriet.

Yale maelezo ndiyo yaliyohifadhi kazi yake. Bila hayo tungekuwa na picha za vivuli tu, kila mtu akibahatisha. Kama Harriet angeona haya, akapokea pesa na kukimbilia gari lake, sisi tusingejua ni nini alichokisema.

Si hayo tu. Jennie Smith alimwahidi kumwekea vipande vyote vya vitambaa vitakavyobaki kwake, na ahadi hiyo ndiyo iliyomliwaza mama wa watu akaweza kuondoka. Na baada ya hapo Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mwalimu. Hakurudi kudai pesa. Alirudi kuutazama mfarishi wake, kama mtu anayemzuru mtoto aliyeolewa mbali.

Mwaka 1895 palikuwa na maonyesho mengine, makubwa mara nyingi kuliko yale ya Athens. Yalifanyika Atlanta, mji mkuu wa Georgia, na yalikuwa ya kimataifa. Ndiyo yale ambayo Booker T. Washington alitoa hotuba yake mashuhuri siku ya ufunguzi, tarehe 18 Septemba. Palikuwa na jengo maalum la kazi za Wamarekani weusi, na Jennie Smith aliupeleka mfarishi wa Harriet ukaonyeshwa. Kutoka kona ya viazi na matikitimaji hadi maonyesho ya mataifa! Inasimuliwa kwamba wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta waliuona, wakavutiwa, wakamwagiza Harriet awashonee mwingine. Mwaka 1898 mfarishi huo wa pili ulitolewa zawadi kwa mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa chuo cha dini huko New York.

Huo wa pili una sehemu kumi na tano, na kwa maoni yangu ndio mtamu zaidi. Biblia bado imo: Yona anamezwa na samaki, Musa na yule nyoka wa shaba, Ayubu na taabu zake. Lakini safari hii Harriet ameingiza pia mambo ya dunia ambayo watu waliyasimulia.

Mojawapo ni usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vilipomiminika angani kwa maelfu hata watu wakadhani ni kiyama. Leo wanasayansi hutueleza kwamba ni vumbi la nyotamkia ambalo dunia hupita ndani yake kila Novemba. Wakati ule nani angejua? Harriet alikuwa hajazaliwa, alizaliwa miaka minne baadaye. Kwa hiyo alishona kile alichosikia kwa wakubwa wake. Jambo jingine ni la zamani hata zaidi, siku ya tarehe 19 Mei 1780 ambapo giza lilitanda mchana huko kaskazini mashariki mwa Marekani. Chanzo kilikuwa moshi wa misitu iliyoungua, uliochanganyika na ukungu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, giza hilo likawa kwenye mfarishi wa Georgia. Masimulizi yana miguu, yanatembea.

Kuna pia Alhamisi ya baridi kali ya Februari 1895. Hapo ameshona mwanamke aliyeganda akiwa anasali, na mwingine aliyeganda langoni, na nyumbu ambaye pumzi yake imegeuka barafu. Na yupo nguruwe jike aitwaye Betts, aliyejulikana kwa kujitegemea, ambaye alikimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Wengine husema huyo nguruwe ni fumbo la watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini. Mimi si mtaalamu, lakini najua kwamba mtu aliyewahi kuwa mtumwa hawezi kushona kiumbe kinachokimbia maili 500 kwa uhuru wake bila kufikiria jambo fulani.

Wataalamu wengine wameona kitu kingine. Namna ya Harriet ya kukata maumbo na kuyabandika juu ya kitambaa inafanana na kazi za watu wa Fon wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, Afrika ya Magharibi. Huko mafundi walishona maumbo ya wanyama na watu kueleza habari za wafalme wao. Ikiwa mkono wa Harriet uliukumbuka mkono wa bibi wa mabibi zake, basi merikebu ya watumwa haikuweza kuwanyang'anya kila kitu.

Kwa miaka mingi wengi walioandika juu yake walisema Harriet hakujua kusoma, eti visa vyote alivisikia tu kanisani. Lakini barua yake ya mwaka 1896 ilipojulikana, ilibidi wafikirie upya, kwa sababu humo anaeleza kwamba alijifunza kusoma, na kwamba alishona mifarishi mingine zaidi ya ile tunayoijua. Naipenda habari hiyo. Sisemi kwamba asiyesoma hawezi kuwa na hekima, hapana, nyanya yangu hakusoma na ana hekima kutushinda wote. Ninachosema ni kwamba si vizuri kumkadiria mtu kwa kutazama tu alikotoka.

Ipo picha yake moja iliyopigwa miaka hiyo, yapata 1897. Amesimama wima, amevaa aproni aliyoipamba kwa maumbo ya kubandika kama yale ya mifarishi yake. Hatabasamu. Anakutazama.

Mwisho wa maisha yake haukuwa rahisi. Kuanzia miaka ya 1890 walianza kuuza shamba lao kipande kwa kipande. Yapata 1895 mumewe akaondoka nyumbani, na Harriet akabaki akijitegemea, akiishi kwa kushona nguo za watu. Alifariki tarehe 1 Januari 1910, akiwa na miaka sabini na miwili, akazikwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens. Nyasi na miti ikameza kaburi. Lilikuja kugunduliwa tena mwaka 2005.

Lakini mifarishi haikupotea. Jennie Smith aliutunza wa kwanza hadi kufa kwake mwaka 1946, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukafika Washington katika makumbusho ya Smithsonian, pamoja na habari zake. Wa pili uliingia Makumbusho ya Sanaa ya Boston mwaka 1964. Ni hiyo miwili tu ya Harriet inayojulikana kuwepo hadi leo. Kuanzia Oktoba 2021 hadi Januari 2022, Boston iliandaa maonyesho makubwa ya mifarishi ya Marekani, na kwa mara ya kwanza mifarishi yote miwili ya Harriet ilitundikwa katika maonyesho mamoja. Watu walipanga foleni kutazama kitu kilichofika mlangoni mwa mnunuzi ndani ya gunia.

Nilipomaliza kusoma hayo nilikaa kimya kidogo, nikakumbuka kitu. Kila mama anapokwenda kwa mama jirani, hata kama ni kuazima chumvi, hawezi kutoka bila kuvigusa vile vitambaa. Hunyoosha pembe iliyokunjamana. Huondoa uzi uliochomoza. Mara moja nilimsikia akimweleza yule jirani kwa nini tausi mmoja ameangalia upande mwingine: eti alikuwa anamshona usiku ambao nilikuwa na malaria, akakosea, akaona heri amwache hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona aibu, nikitamani twende. Nilidhani anajidhalilisha. Kumbe alikuwa anafanya alichofanya Harriet Powers.

Nilikosea, msomaji, na nakiri hapa mbele ya shule nzima. Kuuza si kutopenda. Harriet alikataa dola za mwalimu wakati angeweza kukataa, na alipokubali ni kwa sababu chakula na kodi havisubiri. Alichouza ni kitambaa. Habari za ndani ya kitambaa alizitoa mwenyewe kwa mdomo wake, na hizo hakuna aliyeweza kuzilipia. Mama yangu naye aliuza tausi ili mimi niweze kukaa hapa nikiandika makala haya. Nikiandika vibaya, tausi wale watakuwa wamekwenda bure.

Jumamosi iliyopita nilinunua nyuzi mbili, ya kijani na ya samawati, nikamwomba mama anifundishe kumtarizi tausi. Alinitazama kama mtu aliyeota. Kisha akanionyesha kushika sindano, maana kumbe hata hilo sikujua. Tausi wangu kwa sasa anafanana na kuku mwenye homa. Mama amesema nisifumue.

Nawe mwenzangu, ukifika nyumbani leo tazama vizuri. Huenda kuna kitambaa, mkeka, kiondo au ukili ulioachwa kona fulani. Muulize aliyekitengeneza, kama bado yupo, alikuwa anafikiri nini siku hiyo. Andika atakachosema, na uandike jina lake. Jennie Smith alitumia kalamu tu, na sote tunayo.